Mtani Niliyemcheka Kabla ya Kumzika

Jumapili ya kwanza ya theluji, watu wa kanisa letu hawana haraka ya kwenda nyumbani. Wanaogopa barabara. Ibada ikiisha tunashuka ukumbi wa chini, akina mama wanapasha moto wali na sombe, kisamvu cha Wakongo, chai ya maziwa inazunguka, na huko nje, University Avenue, treni inapita ikigonga kengele yake. Hapo ndipo vijana walikuwa wanaanza: "Babu, ile ya lifti! Tupe ile ya lifti!"

Nami nilikuwa najifanya sitaki. Nakohoa, nasema koo linauma, mpaka mtu aniwekee kiti katikati. Shule niliishia darasa la tatu. Nimefagia maofisi ya Saint Paul, huku Amerika, mpaka nikawa na kampuni yangu mwenyewe ya usafi, na nyumba Burnsville ambayo hakuna benki inayoiulizia. Humo ukumbini wamo manesi na wahasibu, Wakenya wenye digrii mbili mbili, lakini siku ya theluji walinyamaza kunisikiliza mimi. Nilipenda hiyo. Nilipenda kuliko chakula.

Hadithi yenyewe si ya kutunga. Mwanzoni mwa miaka ya sabini mimi nilikuwa kuli bandarini Kigoma, nabeba magunia. Mwenzangu alikuwa Mkongo wa Uvira, kijana mrefu, mnyamavu, tuliyebeba naye gunia moja moja mpaka tukajua pumzi za kila mmoja. Wakati huo walikuwa wanapita mahipi, wale vijana wa kizungu wa kuzurura. Wanashuka kwenye treni na nywele mpaka mabegani, miguu peku, wanasimama barabarani na kidole gumba juu, na lori linasimama. Bure! Tulikuwa tunawaangalia na magunia mgongoni. Siku moja nikamwambia mwenzangu, "Hawa kwao wana magari, na bado wanabebwa bure. Sisi tusio na hata baiskeli tunangoja nini?"

Tukashona suruali za bugaluu, zile pana chini, tukafuga nywele, tukavuka ziwa. Nia yetu ilikuwa kukata bara mpaka bahari ya upande wa pili, ile jua linakozama. Hakuna aliyetutuma wala aliyetungoja huko. Tulikuwa vijana tu.

Kutoka Bukavu tukampata mzungu mmoja hipi, ana gitaa la nyuzi tatu, tukamfanya chambo. Yeye anasimama barabarani, sisi tunajificha majanini. Dereva akisimama kwa heshima ya ngozi, sisi tunatoka na mabegi, "Asante sana, mkubwa, tuko pamoja na bwana huyu." Ukumbi ulikuwa unacheka hapo mpaka chai inamwagika. Yule mzungu alipata mchumba kwa wamisionari fulani akatuacha, tukaendelea wawili.

Sasa nieleze jambo la utani, maana bila hilo hamtanielewa. Njaa ya barabarani inagombanisha ndugu wa tumbo moja. Sisi tulikubaliana mapema kabisa kwamba tumekuwa watani. Yaani naweza kumwita sokwe, naweza kumwambia mama yake alimwokota jaani, naye hana ruhusa ya kukasirika. Anaruhusiwa kujibu tu, papo hapo, tena kwa tusi kali kuliko langu. Ndivyo tulivyofika mbali bila kupigana ngumi. Tulikuwa pia na zamu ya kukaa mbele. Lori lina nafasi moja karibu na dereva, na mwingine anapanda juu ya mzigo na mvua yake. Leo mimi, kesho wewe.

Na kilele cha hadithi yangu, ile waliyokuwa wanaingoja, ni mwenzangu alivyolia. Ilikuwa njia ya Kisangani, msituni, matope mpaka ekseli. Nilikuwa nasimama kitini, natwaa kitambaa cha vyombo, nakifunga kichwani, napiga magoti na kulia kama mtoto aliyenyang'anywa ziwa la mama: "Bwana dereva! Uwiii! Usituache, bwana dereva! Chui atatula!" Nikitoka hapo nasema, "Ikabidi apewe nafasi ya mbele ili anyamaze, jitu zima lile." Watoto walikuwa wanajigaragaza chini. Hata walioelewa nusu ya Kiswahili waliielewa hiyo.

Namalizia: tukafika Douala, Kameruni, tukaiona bahari, mimi nikapata kazi jikoni melini, kutoka melini nikapata kazi ya upishi kwa familia ya wazungu, wakanileta Amerika. "Nilijitengeneza mwenyewe," nawaambia vijana, "kwa mikono hii." Na wanapiga makofi.

Mwenzangu alirudi kwao kutoka Douala. Baadaye nikasikia vita, kisha vita vingine juu ya vile. Nikajiambia amekufa. Na kwetu, kama amekufa, mtani anayo haki. Msibani mtani huvaa nguo za marehemu, anamwigiza anavyotembea, anavyokohoa, anavyokopa, wafiwa wanacheka katikati ya kilio, hakuna anayemkemea. Nilijihesabu hivyo. Mimi ni mtani wa marehemu, nafanya kazi yangu.

Mwaka mmoja theluji iliwahi, hata Novemba haikuwa imekolea. Kulikuwa na familia mpya ya Kikongo, imetoka kambi ya wakimbizi si muda mrefu: mama mmoja anayefanya kazi kiwanda cha nyama, binti yake wa miaka kama kumi na tano, na babu yao. Babu alikaa nyuma karibu na radieta, na koti la kupewa, kubwa, mikono imemeza vidole. Nilimpa mkono mlangoni kama ninavyompa kila mgeni. Sikumtazama usoni. Mgeni wa kambi ni mgeni wa kambi, nilikuwa nimeshaona wengi.

Wakaniwekea kiti. Nikasimulia. Siku hiyo nilikuwa moto, nawaambieni. Nikafunga kitambaa, nikapiga magoti, nikalia uwiii. Ukumbi ukavunjika. Kicheko kilipoanza kutulia, sauti ikatoka pale kwenye radieta, ya taratibu:

"Buti. Umesahau buti."

Watu wakageuka.

"Nilishika buti ya shofa," yule mzee akasema. "Kwa mikono mbili. Na matope yake. Hiyo haukuiweka."

Miguu yangu ilibaki pale sakafuni, imepiga magoti. Nikamtazama sasa. Nywele zimekwisha, meno ya mbele hayapo, jicho moja lina ukungu, lakini mabega yalikuwa yale yale ya kubeba gunia.

"Babu, unamjua?" kijana mmoja Mkenya akaniuliza.

Akajibu yeye. "Miye ndiye ule wa kulia."

Loo! Ukumbi ulilipuka. Watu wakamkimbilia, wakamkumbatia, simu zikatoka kupiga picha. "Ni yeye! Yule wa kwenye stori!" "Mzee wa machozi, shikamoo!" Wakatusukuma tukae pamoja, bega kwa bega, tutabasamu. Yeye alinitazama kwa lile jicho zima, akangoja. Najua alichokuwa anangoja. Alikuwa amenipa nafasi, kama sheria yetu ilivyo, nijibu papo hapo. Sentensi moja ingetosha, kusema alilia kwa ajili ya nani.

Mimi nikacheka na wengine. Nikasema, "Mnaona? Hata buti anakumbuka!"

Nimefanya mambo mengi ya kijinga maishani, lakini hilo ndilo linaloniamsha.

Nitaandika sasa nilichoacha miaka yote hiyo. Machozi yalikuwepo. Magoti yalikuwepo. Lakini mgonjwa nilikuwa mimi. Tumbo la damu lilinishika msituni, nikajichafulia ile bugaluu mpya, nikawa nanuka mpaka wasafiri wenzetu wakasema huyu ana kipindupindu, ashushwe. Dereva akanishusha. Akaniweka pembeni kwenye majani kama gunia lililotoboka, akawasha injini. Mwenzangu hakushushwa. Ilikuwa hata zamu yake ya kukaa mbele. Yeye akashuka, akapiga magoti kwenye matope mbele ya watu wote, akashika buti za yule dereva na akalia. Mwanamume aliyekuwa habadilishi uso hata gunia likimwangukia. Akasema, kama ni hivyo tuache wote wawili. Dereva akaona aibu, au akachoka, sijui. Nikawekwa mbele, nafasi yake. Yeye akakaa juu ya mzigo na mvua mpaka Kisangani, na huko alifua ile suruali kwa mikono yake.

Bila zile buti nisingeona Douala. Bila Douala hakuna meli, bila meli hakuna Burnsville.

Baada ya siku ile jina likamganda. Wakubwa walimwita Mzee wa Machozi kwa upendo, ndivyo walivyodhani. Watoto waliliingiza hadi shuleni, maana wanasoma pamoja. Yule binti, mjukuu wake, ndiye alikuwa mkalimani wake kila mahali, hospitali, ofisi za serikali, dukani, kwa sababu mama yake alikuwa kazini saa zote. Akaanza kutembea mbele yake hatua kadhaa, kama hawajuani. Niliyaona hayo kwa macho yangu, kwa sababu dereva wao nilikuwa mimi. Nilijitolea kuwapeleka kliniki ya macho. Nilijiona natubu kwa petroli.

Siku ya kwanza nikamfungulia mlango wa mbele. Akaupita, akafungua wa nyuma, akakaa huko na mkanda kifuani kama abiria wa teksi. Binti akakaa nyuma pia, dirisha la pili, nyaya za muziki masikioni. Nikaendesha peke yangu mbele, kiti cha pembeni kitupu.

Siku ile daktari aliongea maneno mengi kuhusu kupasua jicho. Binti akayafupisha kwa Kiswahili kimoja kikavu: "Anasema itauma kidogo. Usilie." Na akacheka puani. Mzee akatazama viatu vyake.

Binti alipomwacha kwenye viti akaenda kutafuta soda, nikasogea. Nikamwambia, "Ndugu yangu, kwa nini hukuniumbua siku ile?"

"Mbele ya batoto?" akasema. "Weye ulikuwa umepiga magoti. Mutu mwenye iko chini, hatumupigi teke."

"Nilisikia vita. Nilijua umekufa."

"Ulisikia vita. Haukuuliza." Alisema bila ukali, kama anayesoma ubao wa barabarani. "Nilikuwa Kasulu, kambini. Miaka mingi. Kwenu kabisa. Nilikuwa naulizaka watu ya Kigoma juu yako, banasema, oh, ule iko Amerika, anakuyaka kujenga nyumba ya mama yake."

Kasulu! Nilipita Kasulu nilipokwenda kumzika mama. Nilikodi gari zuri, na tulipofika karibu na kambi nikamwambia dereva afunge vioo, kwa ajili ya vumbi la watu.

Nikajitetea. Mtu mwenye kiburi hujitetea hata akiwa amekwisha anguka. Nikasema, "Lakini wewe unajua sheria. Mtani ana haki ya kumcheka maiti."

Hapo ndipo alinigeukia mwili mzima. "Ndiyo. Lakini mutani anachimba kaburi kwanza. Anachimba, anabeba maiti, anamulaza, akiisha kunawa mikono ndiyo anacheka. Weye ulichimba wapi?"

Binti akarudi na soda yake na hakununua ya babu yake. Nikaenda mimi kumnunulia. Nilisimama mbele ya ile mashine ya soda muda mrefu, noti inaingia, inatemwa, inaingia, inatemwa.

Kabla ya Krismasi tukawa na chakula cha pamoja kanisani. Nikamwomba mchungaji nisimame. Akafurahi, akadhani nataka kuchangamsha watu. Vijana wakaleta kiti kabla sijaomba. "Mzee wa Machozi, sogea karibu, unaigizwa!"

Nikasema, "Leo sikai kitini." Nikalala chini. Magoti yangu si ya kuchezea, nilishuka kwa awamu, na nesi mmoja akainuka akidhani nimeanguka. Nikalala ubavu kwenye ile sakafu ya vigae na suti yangu ya Jumapili, na nikaanza kusema kutoka huko chini. Nikasema mgonjwa alikuwa nani. Nikasema kuhusu bugaluu na kilichokuwa ndani yake.

Watu walicheka. Si nimewazoesha mwenyewe? Wakacheka mahali pasipo pa kucheka. Dada mmoja Mkenya, mtu mwema, akasema kwa sauti, "Aki Babu, leo umeibadilisha! Ile ya kitambaa ilikuwa tamu zaidi."

"Ile ilikuwa uongo," nikasema.

"Stori ni stori, Babu, amka utashikwa na baridi."

Nilitaka kuamka kweli. Nilijiona mjinga, mzee mzima sakafuni, sombe inanukia juu ya kichwa changu. Nikaendelea kwa hasira. Nikasema kuhusu gunia lililotoboka, na injini iliyowashwa, na zamu iliyokuwa si yangu. Nikasema, "Alishika buti kwa ajili yangu. Mimi hapa, ninayewatambia kila mwaka kwamba nimejitengeneza kwa mikono yangu, nilibebwa. Nikamlipa kwa kumfanya kichekesho, na nyinyi mkamwita jina kwa mdomo wangu." Kicheko kikafa polepole, meza moja baada ya nyingine. Mtoto mdogo akauliza kwa Kiingereza kama mimi ndiye niliyejinyea. Mama yake akamziba mdomo.

Nilimtafuta yule binti kwa macho. Alikuwa mwisho wa meza, na waya mmoja wa muziki ulikuwa unaning'inia nje ya sikio. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama mikono ya babu yake.

Ndipo mzee akasimama. Akavuta koti lake, akaja taratibu mpaka nilipolala, akanitazama kutoka juu, akabana pua kwa vidole viwili.

"Alinuka!" akasema. "Mungu wangu, huyu mutu alinuka! Nyani za pori zilikimbia! Shofa hakumushusha juu ya ugonjwa, hapana, alikuwa anaogopa tairi zitapasuka! Na suruali yake nilifua, samaki ya mto wote banakufa, mpaka leo Kisangani bananitafuta!"

Ukumbi uliruka. Nilicheka nikiwa chini, na nililia pia, uongo wa nini. Mkongo yule alikuwa amengoja miaka arobaini kujibu, akajibu papo hapo. Alinyoosha mkono aniinue. Alishindwa, nami nilishindwa, ikabidi binti aje. Alinishika kwapani, akavuta.

Msidhani mambo yalinyooka. Jina halifutwi kwa siku moja, na wapo wanaomwita hivyo hadi leo, japo sasa wanaona haya kidogo wakinikuta. Wengine wananiita mimi jina baya zaidi, na nimelistahili. Na kwenye gari bado anakaa nyuma. Nilimwuliza sababu. Akasema nyuma kuna joto. Binti ndiye amehamia mbele, anabadilisha redio yangu bila kuomba ruhusa.

Majira yaliyofuata, alikuja kanisani kijana mpya kutoka Mwanza, mwanafunzi, mwenye adabu. Akakaa mezani kwetu, akaniamkia, akasema amesikia habari za kampuni yangu. "Mzee, uliwezaje kufika mpaka huku bila shule?"

Nimejibu swali hilo maisha yangu yote. Mdomo ukafunguka wenyewe: "Mimi, mwanangu, nilijiteng—"

Mwenzangu alikuwa na chapati mdomoni. Aliacha kutafuna. Hakunitazama, aliacha kutafuna tu.

"Kwa lifti," akasema yule binti, kwa Kiswahili, bila kuinua macho kwenye simu yake.

Kijana wa Mwanza akacheka kwa adabu, akidhani ni mzaha, akanigeukia angoje jibu lenyewe. Nikamwambia, "Umeshajibiwa." Nikasogeza sahani ya chapati upande wa mwenzangu, naye akaanza kutafuna tena.